Nusu Saa ya Kihindi kwa Siku

Mwishoni mwa mwaka 2021, video za kijana wa Kimaasai kutoka Tanzania, Kili Paul, na dada yake Neema zilianza kuenea kwa kasi nchini India. Wakiwa wamevaa mashuka yao, ndugu hao walifuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi, silabi kwa silabi, hadi Wahindi wenyewe wakastaajabu. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini Tanzania ulimpongeza rasmi Kili Paul, na tarehe 27 ya mwezi huo Waziri Mkuu Narendra Modi aliwataja yeye na dada yake katika kipindi chake cha redio, Mann Ki Baat. Aliwahimiza vijana wa nchi yake waige mfano huo kwa nyimbo za lugha mbalimbali za India.

Kwa watu wa Afrika Mashariki, mapenzi ya filamu na nyimbo za Kihindi si mageni. Filamu za Kihindi zilijaza majumba ya sinema ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam kwa miongo mingi, na wapo watu wazima wanaoziimba nyimbo zake mwanzo hadi mwisho bila kukosea. Lakini mtu huyohuyo akiulizwa na mwenyeji wa Delhi, "Aap kahan se hain?", yaani ametokea wapi, mara nyingi hukwama. Masikio yake yameizoea lugha, ila ulimi haujawahi kupewa zamu. Filamu haimsubiri mtazamaji ajibu.

Kozi ya sauti imetengenezwa kwa ajili ya pengo hilo. Ni mfululizo wa masomo ya kusikiliza ambamo msimulizi anaeleza, wenyeji wa lugha wanazungumza, kisha panaachwa kimya cha sekunde chache ili mwanafunzi aseme mwenyewe kabla ya kusikia jibu sahihi. Kimya hicho ndicho kiini cha somo. Anayekitumia vizuri hujifunza kuzungumza. Anayekipitisha kwa kusikiliza tu amejipatia redio nyingine.

Nani anakihitaji, na Kihindi kipi?

Wagonjwa wengi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo husafiri kwenda kutibiwa India, na kwa kawaida huandamana na ndugu wa kuwauguza. Daktari bingwa atazungumza Kiingereza. Mfanya usafi wa wodini, dereva wa bajaji nje ya geti, muuza matunda na mwenye chumba cha kupanga huenda wasikijue. Anayetoka kununua dawa, kutafuta chakula na kuuliza njia ni yule muuguzaji, na ndiye anayebaki na kazi ya kuelewana na mji mzima.

Wapo pia wafanyabiashara wanaofuata vitambaa, mashine na vipuri, na wanafunzi wa vyuo vikuu. Katika nchi za Ghuba, Kihindi na Kiurdu husikika kila kona ya soko. Mkenya au Mganda anayefanya kazi ya ulinzi au ya hoteli Dubai hushinda na wenzake kutoka India, Pakistan na Nepal, na jijini Muscat Waomani wanaozungumza Kiswahili hukutana na lugha hizo dukani na gereji kila siku.

Kabla ya kutafuta kozi yoyote, jambo moja liwekwe sawa. Huku kwetu neno Kihindi hutumika kwa lugha zote za watu wenye asili ya India, wakati familia nyingi za Kihindi za Kariakoo, Mombasa na Nairobi nyumbani huzungumza Kigujarati, Kikachi au Kipunjabi. Kihindi chenyewe ni lugha ya kaskazini na katikati ya India: Delhi, Lucknow, Jaipur, Bhopal. Sensa ya mwaka 2011 iliwahesabu watu milioni 528 waliokitaja kuwa lugha yao ya kwanza, karibu asilimia 44 ya Wahindi wote. Mumbai ni mji wa Kimarathi, lakini Kihindi kinaeleweka huko na ndiko filamu zinakotengenezwa. Chennai, mji unaopokea wagonjwa wengi kutoka nje, ni wa Kitamil, lugha ya ukoo mwingine kabisa. Anayepelekwa huko ajue mapema kwamba Kihindi hakitamfikisha mbali.

Kiurdu ni habari nyingine. Katika mazungumzo ya kawaida ya sokoni na nyumbani, Kihindi na Kiurdu vinaelewana karibu kabisa. Vinaachana katika maandishi na katika msamiati wa kitaalamu, ambapo Kihindi huchota Kisanskriti na Kiurdu huchota Kiajemi na Kiarabu. Mwenye kujifunza mazungumzo ya Kihindi anajipatia pia wenzake wa Kipakistani.

Somo linavyojengwa

Kufundisha lugha kwa sauti iliyorekodiwa kuna umri wa zaidi ya karne. Mwaka 1901 Jacques Roston alianzisha kampuni ya Linguaphone jijini London, akianza na mitungi ya nta ya wakati huo na baadaye sahani za santuri. Kaseti zikafuata, kisha CD, na leo somo zima linakaa kwenye simu.

Aliyebadilisha namna ya kulipanga somo lenyewe ni Paul Pimsleur, mwanaisimu wa Kimarekani aliyezaliwa New York mwaka 1927. Alijua matokeo ya Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani aliyeonyesha mwaka 1885 kwamba jambo jipya husahaulika haraka mwanzoni, kisha kasi ya kusahau hupungua. Pimsleur akajiuliza ni wakati gani mzuri wa kumkumbusha mwanafunzi. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1967 alipendekeza ratiba: neno jipya liulizwe tena baada ya sekunde 5, kisha sekunde 25, dakika 2, dakika 10, saa moja, saa 5, siku moja, siku 5, siku 25, miezi 4 na mwishowe miaka 2. Kila mara mwanafunzi anaulizwa pale anapokaribia kusahau, na ile juhudi ya kukumbuka ndiyo inayolikaza neno kichwani. Pimsleur alifariki mwaka 1976, lakini kozi zenye jina lake zinaendelea kutolewa, Kihindi na Kiswahili vikiwemo. Kiwango kimoja kina masomo 30, kila moja la takriban nusu saa.

Mfano wa sentensi moja unatosha kuonyesha kazi inavyokwenda. Mwanafunzi anatakiwa aseme "naelewa". Neno la Kihindi kwa mwanamume ni samajhta, na lina mrundikano wa sauti katikati unaomtatiza mgeni. Mwenyeji analitamka kuanzia mwisho: ta. Mwanafunzi anarudia. Kisha majhta. Kisha samajhta. Kwa kuanzia mwisho, kila hatua mpya inaishia kwenye sauti ambayo ulimi umekwishaizoea. Halafu linawekwa mahali pake: main samajhta hun. Mwanamke anasema main samajhti hun, kwa sababu hapa kitenzi cha Kihindi hufuata jinsia ya mtenda.

Dakika moja baadaye linaletwa neno nahin, "hapana" au "si". Msimulizi anauliza: utasemaje kwamba huelewi? Hakuna aliyemfundisha mwanafunzi sentensi hiyo. Kimya kinapita. Anavuta vipande viwili, anavipanga, anatamka: main nahin samajhta. Mwenyeji anaitamka vilevile. Hapo mtu ametunga sentensi yake ya kwanza, na hiyo ina uzito kuliko kurudia nyimbo kumi.

Kozi nyingine hufuata njia tofauti. Ile ya Michel Thomas, mwalimu mzaliwa wa Poland aliyefariki mwaka 2005, imerekodiwa kama darasa dogo: mwalimu na wanafunzi wawili wanaokosea na kusahihishwa, na msikilizaji anakuwa mwanafunzi wa tatu. Mkazo wake ni kuunganisha vipande vya sarufi, na mwanafunzi anakatazwa kuandika au kukariri. Toleo lake la Kihindi limefundishwa na Akshay Bakaya. Anayependa kitabu na sauti pamoja ana kazi ya Rupert Snell na Simon Weightman, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1989 katika mfululizo wa Teach Yourself, yenye mazungumzo, sarufi na maandishi ya Kidevanagari.

Mswahili anaanzia mbele

Kozi hizi zimeandikwa kwa ajili ya wazungumzaji wa Kiingereza, kwa hiyo hutumia muda mrefu kueleza mambo ambayo Mswahili anayo tayari.

La kwanza ni msamiati. Biashara ya Bahari ya Hindi na urithi wa Kiarabu na Kiajemi vimeziachia lugha hizi mbili maneno mengi ya pamoja: kitab, duniya, vaqt, khabar, dava, sabun, saval, javab, hisab, lekin, taiyar, dukan, rang, chai. Bima ni bima na laki ni lakh, ileile 100,000. Mgonjwa anayejua kwamba dava ni dawa anahitaji kuongeza dard, maumivu, na bukhar, homa, ili aanze kueleweka kwa muuguzi. Yahan dard ho raha hai: hapa panauma.

La pili ni mpangilio wa fikra. Mzungumzaji wa Kiingereza husumbuka anapoambiwa kwamba kwa Kihindi hakuna kusema "mimi nina njaa" kama anavyosema kwao. Husemwa mujhe bhukh lagi hai, yaani njaa imemshika. Mswahili ambaye njaa humuuma na usingizi humchukua kila siku hapati shida yoyote. Vilevile Kihindi huweka neno la mahali baada ya nomino: ghar ni nyumba, ghar mein ni nyumbani. Kitenzi nacho hukaa mwishoni mwa sentensi, na hilo ni geni kwetu kama kwa Waingereza, lakini sikio hulizoea baada ya masomo machache.

La tatu ni adabu. Kihindi kina viwango vitatu vya kumwita mtu "wewe": tu kwa wa karibu sana, tum kwa rafiki na wadogo, aap kwa mkubwa, mgeni na yeyote anayestahili heshima. Neno ji huongezwa baada ya jina au jibu kama alama ya staha. Kozi za sauti huanza na aap, na mtu aliyelelewa na shikamoo ataona mara moja kwa nini.

La nne ni sauti, na hapa watu wa pwani ya Kenya wana hazina. Kihindi hutofautisha p isiyo na pumzi na p inayotoka na pumzi kali: pal ni kitambo kifupi, phal ni tunda. Wazee wa Mombasa na Lamu hufanya hivyohivyo wanapotaja paa la nyumba, bila pumzi, na paa mnyama, kwa pumzi, au kaa la moto na kaa wa baharini. Wana pia t ya menoni na t ya ufizini, tofauti inayokaribia ile ya Kihindi, ingawa Kihindi hukunja ulimi nyuma zaidi. Dal ya ulimi menoni ni dengu. Dal ya ulimi uliokunjwa ni tawi la mti. Tahajia yetu ya leo haionyeshi tofauti hizo, na vijana wengi wa mijini wamezipoteza, kwa hiyo msaada wa bibi wa Mombasa unaweza kumfaa mwanafunzi wa Kihindi kuliko kitabu.

Kwa sababu hiyo, sauti ni mwalimu bora kuliko maandishi ya Kilatini. Mswahili akiona dhanyavad, "asante", ataitamka kama dhahabu, na thora, "kidogo", kama thamani. Kihindi hakikusudii hivyo: ni d yenye pumzi na t yenye pumzi. Aliyesikia kwanza hakosei; aliyesoma kwanza huchukua muda mrefu kujirekebisha.

Mitego

Undugu wa lugha hizi una hatari zake, na kozi zilizoandikwa kwa Kiingereza hazimtahadharishi Mswahili. Kwa Kihindi mama ni mjomba, dada ni babu mzaa baba, nana ni babu mzaa mama, na kaka katika nyumba nyingi ni baba mdogo. Dada wa kuzaliwa naye ni behen, na mwanamke mkubwa kidogo kwa umri huitwa didi. Chini ni sukari. Bandar ni nyani. Anayeulizia bandari aseme bandargah.

Saa ndiyo mtego mkubwa zaidi kwa mgonjwa mwenye miadi. Kihindi huhesabu saa kwa mtindo wa Kizungu, hivyo das baje, kwa maneno matupu "saa kumi", ni saa nne kwa Kiswahili, na ek baje ya mchana ni saa saba. Siku nazo zina lake: kal ni jana na pia ni kesho, parson ni juzi na pia ni keshokutwa. Kitenzi ndicho kinachoamua, kwa hiyo sikio lingoje sentensi iishe.

Tarakimu zinahitaji subira. Kutoka 11 hadi 99 karibu kila namba ina umbo lake la kukariri, na zile zinazoishia na tisa, isipokuwa chache, huhesabiwa kwa kupungukiwa: 39 ni untalis, yaani moja kasoro arobaini. Msafiri wa mara ya kwanza ajifunze 1 hadi 20, makumi, sau kwa mia na hazar kwa elfu. Bei nyingine ataomba aandikiwe.

Kozi inaishia wapi

Idara ya mafunzo ya lugha ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji zaidi ya saa 1,000 za darasani kufikia Kihindi cha kufanyia kazi, na kati ya saa 800 na 900 kwa Kiswahili. Kiwango kimoja cha masomo 30 ya nusu saa ni saa 15. Tofauti hiyo inapaswa kusemwa wazi kwa mnunuzi. Saa 15 humpa mtu matamshi yanayoeleweka, sentensi za msingi na ujasiri wa kufungua mdomo. Hazimpi uwezo wa kufuata ugomvi wa bei kati ya watu wawili, wala taarifa ya habari, wala maelezo ya upasuaji. Mambo ya tiba yabaki kwa daktari na mkalimani.

Kozi nyingi za sauti pia huyaacha maandishi. Kidevanagari, chenye mstari unaopita juu ya herufi, huandikwa kutoka kushoto kwenda kulia, na herufi zake zimepangwa kwa mahali sauti inapotamkwa, kuanzia kooni hadi midomoni. Aliyekwisha kuzizoea sauti huzisoma herufi kwa urahisi zaidi, kwa hiyo mpangilio wa kusikia kwanza na kusoma baadaye unafaa.

Tatizo kubwa zaidi kwa wasomaji wetu ni kwamba kozi maarufu hutoa maelekezo kwa Kiingereza. Asiyekijua vizuri anaweza kujitengenezea yake kwa simu. Amtafute mtu anayezungumza Kihindi vizuri na amrekodi akisema sentensi 20 zinazohitajika safarini, kila moja mara mbili, polepole kisha kwa kasi ya kawaida. Halafu ajirekodi mwenyewe akisema maana kwa Kiswahili, aache kimya cha sekunde tano, kisha aweke sauti ya mwenyeji. Asikilize na kujibu, arudie baada ya dakika kumi, jioni, kesho yake, na baada ya siku tano. Kanuni za Pimsleur zinafanya kazi palepale.

Jijini Dar es Salaam, Kituo cha Utamaduni cha Swami Vivekananda, kilicho chini ya serikali ya India, kimekuwa kikifundisha Kihindi pamoja na yoga na muziki, na mwanafunzi wa kozi ya sauti atapata hapo watu wa kuzungumza nao. Anayetaka kuzama zaidi ajue kwamba Taasisi Kuu ya Kihindi iliyoko Agra hupokea wanafunzi kutoka nje ya India.

Mwenye safari asisubiri kozi nzima. Aanze na sentensi hizi tano, azitamke kwa sauti ya kusikika, asizinong'one: main nahin samajhta, au samajhti kwa mwanamke (sielewi); dhire boliye (sema polepole); kitne ka hai (bei gani); yahan dard ho raha hai (hapa panauma); dhanyavad (asante). Kisha atenge nusu saa kila siku, somo moja kwa siku, na akishindwa kujibu nusu ya maswali alirudie somo lilelile kesho yake. Kwa mwendo huo masomo 30 humalizika katika mwezi mmoja hadi miwili, muda ambao msafiri anaweza kuutumia akisubiri viza na tiketi.